Kikombe Kikubwa cha Dereva

Mapovu ni mwoga kama kunguru, na hilo halifichi. Anaogopa radi, anaogopa ngazi, anaogopa hata mashine yake mwenyewe ya kahawa inapoanza kukoroma kabla ya kutoa mvuke. Jina hilo tumempa sisi majirani, kwa sababu ya povu la maziwa analolipiga mpaka linasimama juu ya kikombe bila kumwagika. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Ukuta wangu na wa duka lao ni mmoja, tena mwembamba. Akipiga chafya mimi ndiye wa kwanza kumwombea afya. Kwa hiyo haya ninayoyasema mengi nimeyaona, na yaliyobaki nimeyasikia kupitia ukutani, maana masikio yangu bado mazima, wasiopenda shauri lao.

Duka lenyewe liko ubavuni mwa stendi ya mabasi ya masafa marefu. Lina meza chache, kaunta ya mbao iliyopauka kwa kufutwafutwa, na nyuma ya kaunta ubao mweusi mpana kama wa darasani. Ubao huo ndio sheria ya pale. Mwenye duka, bi mkubwa asiye na mzaha, aliamuru tangu mwanzo kwamba kinywaji chochote kinachouzwa, mapishi yake yaandikwe kwa chaki, mteja ayaone, na akitaka akajitengenezee kwake. "Mtu asiyetaka kusema ameweka nini kwenye kikombe," husema, "mimi kikombe chake sikinywi." Wenzake wa biashara wanamwona amechanganyikiwa. Yeye hana habari nao.

Mapovu aliingia pale kama mwosha vyombo. Siku moja mwalimu mmoja alikuja na mafua, sauti imekauka, hataki chai, hataki kahawa, hajui anataka nini. Mpika kahawa wa wakati ule akamwambia kama hajui basi aende akafikirie nje. Mapovu akafuta mikono, akatia tangawizi, ganda la limau na asali ndani ya kahawa nyepesi, akampelekea. Kesho yake mwalimu akarudi akaagiza "ileile ya jana", na ikabidi iandikwe ubaoni: Ya Mwalimu. Tangu hapo hakuosha vyombo tena.

Kazi yake ni kukutazama. Atakuuliza maswali ya kuudhi: umelalaje, umekula nini, harufu gani huipendi, unatafuna karafuu au unaitema. Kisha anapotea nyuma ya mashine na kurudi na kitu ambacho hukukijua lakini ulikuwa unakitaka. Yangu inaitwa Sindano. Ina mdalasini, shira ya vanila na chembe ya chumvi. Alipotaja chumvi nilimwambia, "Mwanangu, umerogwa?" Siku hizi bila Sindano sioni tundu la sindano. Watu wanapiga picha ubao kwa simu, wanawatumia ndugu zao mbali huko, na ndugu nao wanajibu kwamba wameongeza hiki, wamepunguza kile. Mama yake mwenyewe, anayeishi mji mwingine, ana yake. Mapovu humchanganyia unga wake tayari na kumtumia kwenye kopo, mama anaongeza maji ya moto tu.

Sasa, dereva. Mtu wa miraba minne, akicheka vijiko vinalia kwenye visahani. Anaendesha basi kubwa la abiria na hajui kunywa kitu kidogo. Mapovu alimbunia kinywaji kizito cheusi, buni za kukaangwa sana, iliki, ganda la chungwa lililobabuliwa motoni na sukari iliyounguzwa, akakiita Usukani. Dereva akakipenda mpaka ikawa kero. Haondoki stendi bila Usukani. Akasema mbele za watu kwamba akishakunywa, usingizi unamwona ukiwa ng'ambo ya barabara na kubadili njia. Madereva wenzake wakaanza kuagiza nao.

Linalofuata nililijua baadaye, lakini naliweka hapa mahali pake. Mke wa dereva alikuja dukani wakati wa utulivu, wateja wameisha. Mwanamke mpole, sauti ya chini. Akamwambia Mapovu kwamba mumewe moyo unamrukaruka, daktari amemkataza kahawa kabisa, na nyumbani ameiacha kweli, lakini anajua hapa anakunywa. "Dada, nisaidie," akasema. "Ukimnyima ataenda kunywa kwa mwingine. Mpe kitu kinachofanana. Asijue. Mimi nina watoto."

Mapovu alimwonea huruma, lakini tusidanganyane, na sifa nazo zilimtekenya. Kutengeneza kahawa isiyo na kahawa, na mnywaji asigundue, huo ni mtihani ambao fundi yeyote angeutaka. Alikaanga shayiri. Akakusanya kokwa za tende, akazikausha, akazikaanga mpaka zikawa nyeusi, akazisaga. Akacheza na ganda la chungwa mpaka akaupata ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Akaniletea vikombe viwili bila kunieleza chochote, akauliza kipi kikali zaidi. Nikaonja, nikajiramba, nikaonyesha cha kushoto kama mtu anayejua mambo. Cha kushoto hakikuwa na hata punje ya buni. Akacheka peke yake, nami nikadhani ananicheka midomo.

Kuanzia hapo dereva akanywa shayiri. Ubaoni Usukani ilibaki na buni zake vilevile kwa chaki nyeupe, na wateja wengine waliendelea kupewa ya kweli. Ya dereva tu ndiyo ilitoka kwenye kopo la chini ya kaunta. Na dereva hakulalamika hata siku moja. Alisema imekuwa kali zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida ya vumbi na honi. Mama yake Mapovu alikuwa amekuja kumtembelea na sasa anarudi kwake. Mapovu alimsindikiza mpaka ndani ya basi, akamkalisha kiti cha mbele nyuma ya dereva ili asichefuke, akarudi mbio kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilikuwa nimeegemea kaunta nikisubiri Sindano yangu. Dereva akaingia, akapita foleni kama kawaida yake, akasema, "Dada, leo nipe kikombe kikubwa kuliko vyote. Mama yako nimemwona. Ondoa shaka, nitamfikisha kama yai." Mapovu akainama chini ya kaunta, akachota kutoka kopo lile, akampa. Mikono ilifanya kazi iliyozoea, akili iko kwenye foleni. Tukasikia basi likiunguruma na kutoka.

Foleni ilipopungua akaja mkata tiketi kuagiza yake. Akaketi, akapuliza povu, akasema, "Yule jamaa yenu ni chuma. Ameingia alfajiri kutoka safari ya usiku, mwenzake amelazwa, akakubali kugeuza na basi la asubuhi. Hajafumba jicho. Nikamuuliza utaweza? Akasema mimi nina Usukani."

Akacheka. Mimi nikacheka. Mapovu hakucheka. Alikuwa ameshika jagi la maziwa, nikaona maziwa yanamwagika taratibu juu ya kaunta, naye hayaoni.

"Shangazi," akaniambia kwa sauti ndogo, "twende kwako. Twende sasa hivi."

Chumbani kwangu, katikati ya nguo za watu, akaniambia yote: mke, moyo, shayiri, kokwa za tende. Namjua na woga wake wa radi na ngazi, lakini huu haukuwa ule. Basi zima la watu, mtu anayelishika hajalala, na kitu pekee anachokitegemea ni uji wa shayiri uliotiwa iliki. Na kwenye kiti cha mbele yuko mama yake.

"Mpigie dereva," nikasema.

"Wanazima simu wakiendesha. Ni amri ya kampuni." Alipiga hata hivyo. Ilikuwa imezimwa.

"Basi mwambie mkata tiketi. Si yuko hapo nje?"

"Nikimwambia habari za moyo wake, kesho yule baba hana kazi. Na mkewe nilimwapia. Shangazi, nilimwapia!"

"Mama yako yuko ndani ya basi hilo, na wewe unahesabu viapo?" Nilimkaripia, nakiri, maana na mimi nilikuwa nimeogopa, na nikiogopa huwa mkali.

Akampigia mama yake. Akaweka sauti kubwa, simu tukaiweka juu ya meza ya cherehani, tukaiinamia.

"Tunaenda vizuri, mwanangu," mama akasema, furaha tele. "Kiti kizuri, upepo mzuri. Dereva mchangamfu kweli. Anapiga miayo tu kidogo."

Mapovu akafunga macho. Akafungua mdomo amwambie, nami nikamdaka mkono. Lilikuwa limenijia wazo baya. Siku zote hizo mtu huyu amekuwa akiendesha macho makavu, na tumboni hana kahawa. Kilichomweka macho ni nini, kama si kuamini kwake tu? Ukimwambia sasa, yuko kwenye mwendo, kwamba alichokunywa ni bure, si ndipo utakuwa umemwangusha usingizini kwa mdomo wako? Nilimnong'oneza hivyo sikioni. Akanitazama kama nimempiga kofi, kwa sababu alijua ni kweli. Kusema ni hatari, kunyamaza ni hatari, na barabara inaendelea kwenda.

"Mama," akasema, akijikaza, "nisikilize. Dereva amechoka. Zungumza naye. Usinyamaze hata kidogo. Na simu usiikate, iache hivyohivyo mkononi."

"Kwani kuna nini?"

"Zungumza naye tu, mama. Tafadhali."

Yule mama kuzungumza hafundishwi. Akamwuliza dereva kwao, akamwuliza watoto, akamsimulia habari za goti lake, za jirani aliyejenga ukuta kwenye njia, za mjukuu anayekataa kunyonya. Mwanzoni dereva alijibu maneno mengi, na kicheko chake tulikisikia. Baadaye akawa anajibu, "Ndiyo, mama." Baadaye, "Mm." Jua lilikuwa limeshapanda, bati la chumba changu linalia kwa joto, na nilijua kwamba huko kwenye lami ni hivyohivyo, joto lile linaloshusha kope za mtu hata kama amelala usiku kucha. Mapovu alikuwa ameushika mkono wangu hadi vidole vikanifa ganzi. Sikuthubutu kuuvuta.

Kisha mama akauliza kitu na hakujibiwa.

"Mwanangu?" akamwita dereva. "Baba? We baba!"

Tukasikia mlio wa magurudumu yakikwaruza changarawe, watu wanapiga kelele, kitu kizito kinaanguka kutoka juu, na sauti ya mama imepanda hadi siitambui. Mapovu alipiga yowe moja tu. Kisha magurudumu yakarudi kwenye lami, na dereva akasikika kwa mbali akisema, "Samahani, samahani jamani, ni shimo tu lile. Tulieni. Mimi siwezi kulala, nimekunywa dawa yangu."

Hapo ndipo Mapovu, anayeogopa paka, aliinyakua simu na kuweka mdomo juu yake.

"Mama! Mwambie asimame! Mwambie haina kahawa! Aliyokunywa haina kahawa, ni shayiri!"

"Shayiri gani?"

"Mwambie hivyohivyo! Msogezee simu!"

Tulisikia mama akirudia, na dereva akicheka, kicheko cha mtu anayetaniwa wakati hana nafasi. "Mama, usinitie majaribuni. Naijua mimi Usukani."

"Ni mimi," Mapovu akasema kwa sauti yote. "Mapovu, wa kaunta. Kaka yangu, haina hata punje moja. Simama. Nakuomba kwa Mungu, simama."

Halafu taa ya pembeni ikaanza kulia tik, tik, tik, breki zikatoa pumzi, na mngurumo ukazimika. Abiria wakaanza kulalamika wote kwa pamoja, nani kasimamisha, kwa nini hapa porini. Mapovu akakaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akalia bila sauti.

Dereva alichukua simu mwenyewe.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mkeo alipokuja kuniomba, nikamwapia sitasema. Kwa ajili ya moyo wako."

"Safari zote zile?"

"Zote."

Tulimsikia akipumua. Nilitarajia matusi, na kwa kweli angekuwa na haki nayo. Badala yake sauti ya lile jitu la miraba minne ikawa nyembamba. "Dada, mimi nilikuwa nikiusikia usingizi," akasema. "Kila safari nilikuwa nikiusikia, hapa kwenye shingo. Nikasema hapana, haiwezekani, nimekunywa. Nikaongeza mwendo. Watu wote wale nimewabeba namna hiyo." Kisha akasema, "Mikono yangu haishikiki. Siwezi kuliwasha hili gari," na simu ikarudi kwa mama.

Mapovu aliinuka mwenyewe, akafuta uso kwa pindo la aproni, akaenda kumwambia mkata tiketi mbele ya wateja waliokuwepo. Hakupunguza neno. Mkata tiketi akaacha kikombe, akakimbia ofisini. Basi la nyuma yao lilikuwa na dereva wa akiba. Ndiye aliyelichukua lile gari, na jitu letu likalala kiti cha nyuma mpaka mwisho wa safari, mdomo wazi, hata walipofika wakapata shida kumwamsha. Bi mkubwa mwenye duka naye alishuka kutoka juu alikokuwa. Alimsikiliza Mapovu hadi mwisho, akachukua kitambaa, akaufuta ubao mzima, vinywaji vyote, Ya Mwalimu, Sindano yangu, vyote, kisha akapanda tena ngazi. Afadhali angemgombeza.

Jioni, jua halijazama, tulikuwa tumekaa tena chumbani kwangu. Nilikuwa najifanya napinda suruali ya mtu. Mapovu alikuwa anarudia maneno yaleyale: wamefika, wamefika wote, hakuna aliyeumia. Nikamwambia ndiyo, wamefika, sasa kula kitu. Nilikuwa namhurumia, na nilikuwa namwogopa kidogo pia, na hivyo viwili havikunipa raha ndani ya chumba kimoja.

Simu ikaita. Mama yake. Akaiweka sauti kubwa, kwa mazoea ya mchana.

"Nimefika nyumbani," mama akasema. "Nimeoga, nimekaa. Mwili bado unatetemeka, lakini ni mzima."

"Mungu ni mwema, mama. Jitengenezee ile yako upate joto, halafu ulale."

Tulisikia kijiko kikigonga kitu, kikaacha.

"Kopo liko hapa mbele yangu," akasema. "Nimelifungua. Nimelinusa. Mwanangu, hii yangu ina nini?"

"Ina kahawa, mama. Kahawa, iliki, maziwa ya unga na kakao kidogo. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Sukari je? Au na mimi daktari wangu amekuja kwako?"

"Mama! Hakuna mtu aliyekuja kwangu. Ya kwako ni ya kweli. Naapa."

"Si umemwapia na mke wa yule baba," mama akasema. Hakuwa amekasirika, nadhani angekuwa amekasirika ingekuwa nafuu. "Na yule baba kila siku ulimpa kikombe mkononi ukamwambia Usukani hiyo. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona shingo yake ilivyokuwa inaanguka."

Mapovu alinitazama mimi, kama vile ningeweza kumshuhudilia, na mimi nikaangalia suruali.

"Nakupenda, mwanangu, usilie," mama akasema. "Lakini usinitumie nyingine kwanza." Akamtakia usiku mwema, akakata simu.